Ramani ipi ya boti ya futi 12 kwa fundi wa nyumbani? Ya rafiki yangu inavuta kushoto, naogopa kurudia kosa

#1 Kigungu_Asubuhi
Wakuu habari. Niko Entebbe, kazi yangu ya ofisini, lakini useremala naupenda tangu nikiwa shule. Nataka kujenga boti ya mbao hapa nyumbani, futi 12, ya makasia. Tutapanda mimi na watoto wangu wawili, asubuhi tu, tusiende mbali na ukingo. Si ya uvuvi.

Nina ramani tatu mezani. Ya kwanza ni ya sakafu bapa, ubao mmoja kila ubavu, ya bure. Ya pili ni ya kushona plaiwudi kwa waya wa shaba halafu unaziba viungo kwa gundi ya epoksi na faiba. Sakafu ina V kidogo, na ni ya kulipia. Ya tatu ni ya mbao zinazolaliana, kila ubao unaukanyaga wa chini yake kama vigae. Hiyo ni nzuri mpaka unaiota, nayo ni ya kulipia.

Kinachonizuia ni hiki: rafiki yangu alijenga ya sakafu bapa mwaka jana kwa ramani hiyohiyo ya bure. Ukiitazama imetoka safi. Ukipiga kasia, inavuta kushoto. Piga mapigo matano bila kurekebisha, umeshaingia kwenye mafunjo. Kosa ni la ramani au la fundi? Nikilijua hilo nitajua nichague ipi.

#2 FundiRanda
Sakafu bapa. Ramani haina kosa. Aliijengea wapi? Kama ni kwenye majani ya uani bila kusawazisha, boti imepata msokoto. Mbele inatazama huku, nyuma inatazama kule. Macho hayaoni, maji yanaona.

#3 MpwaniNjeru
Mimi wa Lamu, nimeoa huku Njeru, sasa mwaka wa 11. Kwetu nimekua nikiona mashua zinajengwa ufukweni bila karatasi hata moja. Fundi analaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, anasimamisha fashini, yaani nguzo ya mbele na ya nyuma, mengine yanatoka kwenye jicho lake na kwenye mkono wa mzee aliyemfundisha. Akishamaliza mbao, viungo vinakalafatiwa kwa pamba na mafuta. Kwa hiyo kijana wangu, kabla hujanunua ramani, nenda Kasenyi pale mwaloni, boti zinapofikia, ukakae na mafundi siku mbili. Usiulize kitu siku ya kwanza. Tazama tu.

#4 DadaKatosi
Mleta mada, samahani, mimi nauliza lingine kwanza. Unajua habari ya futi 28? Kwenye Nyanza hii (Ziwa Victoria) boti ya uvuvi ikiwa chini ya futi 28 haipati leseni. Zile ndogo za mbao tatu tunazoziita parachuti zinakamatwa kila siku. Boti ya mpwa wangu ilichomwa moto mbele ya macho yake, na ndani hapakuwa na wavu, palikuwa na mihogo. Alikuwa anatoka shamba. Watu wa doria hawakutaka kusikia.

Unasema si ya uvuvi, nami nakuamini. Sasa ifanye ionekane si ya uvuvi. Ipake rangi, iandike jina, na nenda ukaongee na ofisa wa uvuvi wa eneo lako na watu wa mwaloni KABLA ya kukata ubao. Sheria ya usafiri wa majini ni ya 2021, na vyombo vinatakiwa kusajiliwa. Waulize wanataka nini kwa boti ya matembezi, wakuandikie. Karatasi hiyo ni muhimu kuliko hizo tatu ulizonazo mezani.

#5 Kigungu_Asubuhi
Asante dada, hilo la kwenda ofisini nitalifanya Jumatatu. Pole kwa mpwa wako.
Fundi #2, ulijuaje? Aliijengea kwenye majani kweli, juu ya matofali. Mimi nina sakafu ya saruji, ya kuegeshea gari.

#6 MhandisiMbarara
FundiRanda anaweza kuwa sahihi, ila kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau. Ubavu wa kushoto na wa kulia vilikatwa kwenye shiti za mzigo mmoja? Plaiwudi zetu hazilingani. Unanunua mbili zimeandikwa milimita 6, moja ina 6, nyingine ina 5 na kidogo. Ukizipinda kwa nguvu ileile, laini inapinda sana puani, ngumu inakataa. Boti inatoka na shavu moja nene, moja jembamba. Chukua uzi, ufunge katikati ya pua na katikati ya ubao wa shetri (ule wa mwisho nyuma), pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo kila futi 2, kushoto na kulia. Kama namba hazilingani, jibu umelipata.

Kuhusu kuchagua: ramani nzuri utaitambua kwa jedwali. Lazima iwe na jedwali la vipimo, kila fremu (kiunzi cha ndani kinachoshika umbo), urefu na upana wake, pamoja na orodha ya mbao na uzito wa boti ikiwa tupu. Ramani yenye picha ya kupendeza na vipimo vitatu tu ni bango la ukutani.

#7 Bwana_Kasia
Je, huyo rafiki ana mkono wa kulia wenye nguvu? Watu wengi wanao. Kasia la kulia likipata nguvu zaidi, pua inaenda kushoto. Hakuna cha plaiwudi hapo.

#8 FundiRanda
Bwana_Kasia, kila mtu ana mkono wenye nguvu na boti za watu zinanyooka.

#9 Nalubaale_Kwetu
Mnabishana kuhusu ramani za nje, na hapa tulikuwa na boti za Ssese kabla karatasi haijafika. Mkuku mmoja mrefu, mbao zimeshonwa kwa kamba za mimea, pua inachomoza mbele kama pembe. Stanley mwenyewe alipofika 1875 alikuta Kabaka Mutesa ana mamia ya mitumbwi ya vita dhidi ya Buvuma. Na yeye alikuja na boti ya ramani! Lady Alice, futi 40, ilijengwa Uingereza kwa vipande vitano vya futi 8 kila kimoja, ikabebwa na wapagazi kutoka pwani, wakaiunga kwenye ufuko wa ziwa, akalizunguka lote. Ndiyo kusema hata kushona plaiwudi kwa waya ni ile kazi ya wazee wetu, kamba tu imebadilika.

#10 MpwaniNjeru
#9 umenifurahisha sana. Kwetu nao walikuwa na mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi, hakina msumari. Ubao ulioshonwa unacheza na wimbi, wa msumari unabishana nalo.

#11 BodaWaMaji
Wakuu, na mimi swali. Kwenye hiyo ya futi 12 inaingia injini ya nguvu farasi 15?

#12 DadaKatosi
Mwanangu, hapana. Ramani ikisema ya makasia, ubao wa shetri umechorwa kwa makasia. Ukifunga injini ya 15 pale nyuma, na wewe umekaa nyuma kuishika, pua inatazama mbinguni na maji yanaingia nyuma. Nimeshaona. Tafuta ramani iliyoandika yenyewe injini ya ukubwa gani na uzito gani.

#13 MhandisiMbarara
Niongeze hesabu juu ya alichosema dada. Boti ya futi 12, upana wa futi 4, ukitoa pale inapochongoka, inakalia maji mita 3 za mraba hivi. Maana yake kila kilo 30 unazoongeza inazama sentimita 1. Baba kilo 80, watoto wawili kilo 60 pamoja, ni sentimita 4 na nusu zaidi ya ilivyokuwa tupu. Hiyo ni ikiwa wamekaa vizuri. Wote wakikaa nyuma, hesabu yangu haina maana tena.

#14 Kigungu_Asubuhi
Hii ndiyo nilikuwa naitafuta! Kwa hiyo kwa uzito wetu zote tatu zinatosha. Basi linabaki la mbao. Je, niache plaiwudi nitumie mvule?

#15 FundiRanda
Mvule kwa mkuku na pua tu, ukiupata. Boti yote ya mvule hamtaibeba. Na msumeno wako uandae: mvule una mawe ndani. Si msemo, ni mawe, kama chokaa iliyogandia ndani ya mti, rangi ya jivu. Mwaka juzi nilikuwa naranda ubao, sauti ikabadilika, krrr, nikatazama makali ya randa: pengo la upana wa punje ya mchele. Nikachimba kwa patasi, likatoka jiwe la ukubwa wa harage. Ninalo mpaka leo dirishani kwenye karakana.

Musizi ni mwepesi na rahisi, ila unaoza haraka ukiuacha na maji. Kalitunsi (mkaratusi) ni mzito na unapasuka mwishoni ukipigilia msumari bila kutoboa kwanza.

#16 Kabale_Mlimani
Kalitunsi msiudharau. Kwetu Bunyonyi mitumbwi tunachonga gogo zima la kalitunsi, na inadumu. Na lile ziwa lina kina cha mita 900, wala hatuzami.

#17 MhandisiMbarara
Kaka, hiyo 900 inasimuliwa kwa watalii. Waliopima wanataja mita 40 hivi. Hata Nyanza yenyewe, kwa ukubwa wake wote, panapozidi kina ni kama mita 80.

#18 Kabale_Mlimani
Babu yangu alitupa kamba yenye jiwe, haikufika chini. Kamba ya babu ilikuwa ndefu.

#19 DadaKatosi
Mita 40 au 900, anayejua kuzama anazama kwenye mita 2. Turudi kwenye boti. Kigungu, hizo ramani zina visanduku vya hewa chini ya viti? Kama hazina, funga jerikeni za lita 20 chini ya kila kiti, zimekazwa mifuniko, kwa kamba nzuri. Jerikeni moja inabeba karibu kilo 20 isizame. Nne zinatosha boti ijae maji na bado iwashikilie mkiwa mmeng'ang'ania ukingo. Na jaketi kwa kila mtoto, zimevaliwa, zisiwekwe chini ya kiti. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu na kukusukuma nje, mchana unageuka unatoka ziwani. Wengi huona maji yametulia saa moja wakasahau kwamba kurudi ni kupigana nao.

#20 Kigungu_Asubuhi
Nimeangalia. Ya pili ina visanduku mbele na nyuma, vimechorwa. Ya bure haina. Ya tatu haina lakini imesema wazi uongeze. Asante dada, hilo sikuwa nimeliona kabisa.

#21 Mwalimu_Masese
Kwa hiyo chukua ya kushona kwa waya. Njia hii imejaribiwa na watu wasio mafundi. Mashua ya Mirror ya Uingereza, mita 3.3, ilitoka 1963, imejengwa zaidi ya 70,000, nyingi na wazazi kwenye gereji. Na Optimist ya watoto, nayo ya Uingereza, ilianza kama mashua ya plaiwudi ya kujengea nyumbani.

#22 Nalubaale_Kwetu
Mwalimu, Optimist ni ya Marekani. Clark Mills aliichora Florida mwaka 1947, mita 2.3. Mirror uko sahihi.

#23 Mwalimu_Masese
Asante kwa kunisahihisha. Hoja yangu inabaki palepale: ramani ambayo wengi wamekwisha kuijenga ina makosa machache, kwa sababu makosa yameshaonekana na kurekebishwa. Kigungu, tafuta picha za waliojenga, na hasa za waliokwama katikati. Ukiona watatu wamekwama mahali pamoja, hapo pana kosa la ramani.

#24 Fundi_Wa_Pili
Naomba niwaeleze yaliyonikuta, huenda yakamsaidia. Nilinunua ramani ya faili, nzuri, ina jedwali na kila kitu. Fremu zilichorwa kwa ukubwa halisi, ukichapisha unabandika karatasi juu ya ubao unakata. Nikaenda kuchapisha mjini. Mashine ikapunguza kurasa ili ziingie kwenye karatasi, asilimia 3 hivi, hakuna aliyeniambia wala sikupima. Mbavu nikazipima mwenyewe kwa namba za jedwali. Siku ya kuunga, fremu ya katikati ilipaswa kuwa sentimita 110, ilikuwa 106 na nusu. Mbavu zikabaki zinapepea. Nikaweka vipande vya kujazia, upande mmoja vikazidi, na boti ile ikawa na tabia hiyohiyo ya kwenda pembeni.

Kwenye ramani yoyote ya kuchapisha huwa kuna mstari wa kupimia, umeandikwa sentimita 10. Weka rula hapo kabla hujatoka dukani. Nilikuwa na rula mfukoni siku ile.

#25 MhandisiMbarara
#24 hii iwekwe juu ya uzi. Na rafiki wa Kigungu aulizwe alichapisha wapi na vipi.

#26 Kigungu_Asubuhi
Nimemuuliza. Alipima yote kwa namba, hakuchapisha. Shiti alinunua mbili siku moja, ya tatu wiki iliyofuata.

#27 MhandisiMbarara
Wiki iliyofuata. Si nilisema.

#28 FundiRanda
Na majani chini. Si nilisema.

#29 Mama_Ggaba
Mimi sijengi boti, nauza samaki, ila nina swali kwa nyie wa plaiwudi. Kaka yangu alijenga, mwaka wa pili ikafunguka kama kitunguu. Muuzaji alimwambia ni ya majini.

#30 FundiRanda
Mama, usiamini maneno, wala muhuri. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, chemsha. Nilifanya hivyo na vipande vitatu kwenye sufuria moja, nimeviandika namba kwa msumari. Baada ya saa moja maji yakawa ya rangi ya chai, namba 2 ikaachana ikawa majani matano yanaelea kila moja kivyake. Namba 1 ikavimba pembeni. Namba 3 nikaichemsha saa nne, nikaikausha, nikajaribu kuingiza kisu kati ya tabaka, hakikuingia. Hiyo ndiyo niliyonunua. Gundi ikishinda jiko, itashinda ziwa. Sufuria mke wangu hakuitaka tena, nikamnunulia nyingine.

#31 MpwaniNjeru
Kigungu, rudi kwenye boti ya rafiki yako. Fanyeni hivi: asubuhi, maji yametulia, ivuteni kwa boti nyingine, kamba ifungwe katikati kabisa ya pua. Kwanza ikiwa tupu. Halafu mtu akae bila kupiga kasia. Ikivutwa ikaenda pembeni yenyewe, kosa liko kwenye mwili wa chombo. Ikinyooka, kosa liko kwa mpigaji. Na mtazame kama mtu amekaa katikati, maana chombo kikilalia kulia, pua huelekea kushoto. Watu wa pwani wanakijua hilo kwa makalio.

#32 Bwana_Kasia
Na mbadilishane makasia, la kulia liende kushoto. Na mpime urefu wake!

#33 Kigungu_Asubuhi
Tumefanya leo, saa moja kasoro, maji kama kioo. Naandika kama ilivyokuwa.

Tupu, ikivutwa: imenyooka mita kama 20, halafu ikaanza kwenda kushoto, polepole. Tukarudia, safari ya pili ikanyooka mpaka mwisho.
Rafiki yangu ndani, ikivutwa: kushoto.
Mimi ndani: kushoto, kidogo zaidi ya tupu.
Tukabadilisha makasia, akapiga yeye: kushoto bado, lakini imepungua. Makasia tumepima, yametofautiana kidole kimoja.
Mwisho akasogea upana wa kiganja kuelekea kushoto kwenye kiti. Ikanyooka! Tukaenda mpaka kwenye mwamba wa ndege na kurudi bila kurekebisha.

Tumepima na kwa uzi. Fremu ya pili kutoka mbele ina tofauti ya milimita 9.

#34 MhandisiMbarara
Milimita 9! Shavu.

#35 MpwaniNjeru
Akasogea ikanyooka. Mkao.

#36 Bwana_Kasia
Makasia yakabadilishwa ikapungua, na hilo mbona hamlisemi?

#37 FundiRanda
Mkuku mdogo wa nyuma, pale chini ya shetri, mmeupima? Ukikaa nje ya mstari wa kati hata nusu kidole ni usukani uliofungwa. Ipindueni.

#38 Kigungu_Asubuhi
Hatujaipindua. Wiki ijayo.

Ofisini nilikwenda. Ofisa alikuwa mtu mzuri, ameniambia nilete ramani yenyewe aione, na nisianze kukata mpaka aandike. Dada Katosi, Mungu akubariki.

Kuhusu ramani, ya tatu nimeiweka pembeni, nitairudia watoto wakikua. Nimebaki na ya kwanza na ya pili, na za FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) pia nimezipitia, wana ramani za bure za sakafu bapa na za V zenye vipimo safi vya mita, ila ni za uvuvi na ni kubwa kwangu.

#39 Fundi_Wa_Pili
Kabla ya kuamua, zijenge zote mbili kwa karatasi ya boksi. Gawa kila kipimo kwa 10, futi 12 inakuwa sentimita 36 na nusu. Kata, unga kwa selotepu. Ramani yenye kosa la namba itakuonyesha mezani, bure.

#40 Mwalimu_Masese
Na ukifika kwenye plaiwudi yenyewe, laza shiti mbili moja juu ya nyingine, zifunge, kata mbavu zote mbili kwa pamoja.

#41 Kigungu_Asubuhi
Nimetumia boksi la sabuni, binti yangu akishika selotepu. Ya pili imefunga vizuri, pua imekaa, tumeielea kwenye beseni na betri nne ndani kama abiria.

Ya bure ina pengo puani, milimita 4. Kwenye boti ni sentimita 4. Nimerudia kusoma jedwali, namba ya fremu ya pili naiona kama 46, lakini huenda ni 48, wino umefifia. Ni fremu ileile ya pili yenye zile milimita 9 kwa rafiki yangu. Kuna mwenye nakala safi ya ramani hiyo? Kesho nakata tena kwa 48.